Mipaka ya Mashamba Yetu, Tarime na Serengeti

Kamati iliyotayarisha kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya chama chetu kikuu ilituagiza sisi makatibu wa vyama vya msingi kuandika, kila mmoja, juu ya jambo lililomhangaisha zaidi katika kazi yake. Wenzetu wameandika habari za bei ya kahawa, za mizani, za mbolea na za mikopo. Sisi tumechagua mipaka. Yawezekana mwanachama akauliza: mpaka wa shamba la mtu na jirani yake wahusu nini ushirika? Jibu letu ni hili. Katika daftari la malalamiko lililoko mezani petu, wanaogombana juu ya mpaka ni wengi kuliko wanaogombana juu ya fedha. Na mtu ashindaye barazani kila juma hapalilii kahawa yake, wala hauleti mzigo wake ghalani kwa wakati. Tena, kama mtakavyosoma mbele, chama chenyewe hakikusalimika.

Tuanze na zamani, maana ugomvi mwingi wa leo una mizizi ya mbali.

Hapo kale ardhi ya Wakurya haikuwa mali ya kuuzwa na mtu mmoja mmoja. Ilikuwa chini ya ukoo mkubwa, ambao Wakurya huuita ikiaro: Wanchari, Watimbaru, Wairege, Wanyabasi, Wakira, Wanyamongo na wengineo. Kila ikiaro kilikuwa na nchi yake, na mipaka ya nchi hizo ilikuwa mito, migongo ya vilima na mapori yasiyokaliwa. Ndani ya nchi hiyo mtu alilima pale alipofyeka, na alipopalima palikuwa pake maadamu anapalima. Ardhi ikichoka alihamia kwingine, na pori likafunika jembe lake. Mashauri ya watu yalizungumzwa kwenye iritongo, yaani mkutano wa hadhara, na nyuma yake palikuwa na inchama, baraza la siri la wazee, ambalo neno lake liliogopwa kuliko fimbo ya askari yeyote aliyekuja baadaye. Upande wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme nao walikuwa na desturi zao, na huko pori lilikuwa kubwa zaidi na watu wachache zaidi.

Katika mji wa mwanamume mwenye wake wengi, kila nyumba ilikuwa na mashamba yake, na watoto wa kiume walirithi mashamba ya nyumba ya mama yao, si ya nyumba nyingine. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke, akatoa ng'ombe kama mwanamume atoavyo, na watoto wa mwanamke huyo wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Desturi hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Watu wa nje wameicheka sana, na wengine wameiandika kama kioja. Sisi twaitaja hapa kwa kuwa ni kanuni ya ardhi kama ilivyo kanuni ya ndoa. Kwa njia hiyo shamba lilibaki na nyumba yake, halikumezwa na ndugu wa mume. Tutairudia.

Mpaka wa kwanza uliochorwa kwa kalamu katika nchi yetu haukuchorwa na mtu aliyewahi kuiona. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipatana huko Ulaya kwamba mstari utoke ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, katika nyuzi 1 kusini ya ikweta, uelekee pwani. Mstari huo ulipita katikati ya Wakurya. Wakira, Wanyabasi na Wairege wakajikuta wako pande zote mbili. Mpaka leo kuna familia ambazo ng'ombe wao hunywa maji Kenya na kulala Tanzania, na mtu asimamaye Sirari aweza kumwita shangazi yake aliyeko Isebania bila kupaza sauti sana. Huo ni mpaka wa dola, wala hauko katika uwezo wa baraza la kijiji, lakini ulitufunza jambo moja mapema: kwamba mtu aweza kulala katika nchi ya babu yake na kuamka katika nchi ya mwingine, naye hakusogea hata hatua.

Tarehe 26 Novemba 1895 Wadachi wakatoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakatunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyoiweka ardhi yote chini ya usimamizi wa Gavana. Mwaka 1928 sheria hiyo ikarekebishwa, ikatambua kwamba mwenyeji akaliaye ardhi kwa desturi ya kabila lake naye ana haki ya kuikalia. Lakini yule Mzungu aliyepewa shamba alipata hati yenye mhuri, na mwenyeji alipata kutambuliwa tu. Haki yake haikuandikwa popote. Mkulima wa kawaida wa Tarime, ambayo siku hizo iliitwa Wilaya ya North Mara, hakuona tofauti yoyote, kwa sababu hakuna aliyekuja kumwondoa. Tofauti ilionekana miaka mingi baadaye.

Kwa maoni yetu, kilichobadili mambo kabisa ni kahawa, kuliko sheria zote hizo. Ulezi na mtama huvunwa, na shamba laweza kuachwa. Mbuni hauachwi. Mtu aliyepanda mibuni wakati wa utawala wa Waingereza alijua kwamba mwanawe ataivuna, na pengine mjukuu wake. Hivyo ardhi ya milimani, ambayo zamani ilihamwa na kurudiwa, ikaanza kuwa na mwenyewe wa kudumu. Ndipo watu wakaanza kupanda katani na minyaa kandokando, na kusimika mawe kwenye pembe. Ndipo pia hatua moja ya ardhi ikaanza kuwa na bei, maana katika hatua hiyo husimama mstari mzima wa mibuni. Vijana wasiopata nafasi milimani walivuka Mto Mara kwenda kusini kutafuta mashamba na malisho, na wengi wa Wakurya wakaao Serengeti leo ni uzao wa hao. Huko nako wakakutana na mpaka mwingine, wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ambao hauzungumzwi na majirani bali na askari wa wanyama pori. Mwaka 1994 yaliongezwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Habari hizo zahitaji kitabu chake, nasi hatutazigusa zaidi.

Wakati wa watemi, mashauri ya mipaka yalikatwa katika mabaraza yao, na karani aliandika hukumu kwenye daftari. Utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963, na mashauri yakaingia katika mahakama za mwanzo. Madaftari yale ya kale hatujui yalikokwenda. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi tungependa kuongeza kwamba hata mali iliyokuwa na daftari huweza kuisha vivyo hivyo, daftari likiliwa na mchwa.

Sasa tufike katika miaka ambayo, tukihesabu mashauri yaliyopita mbele yetu, imezaa magomvi kuliko miaka mingine yote. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Watu wakaacha miji yao iliyotawanyika wakajenga kwa mistari kando ya barabara. Kusudi lilikuwa jema: shule, zahanati na maji visingeweza kumfuata kila mtu kilimani kwake. Nasi tuliosoma katika shule za vijiji hivyo hatuwezi kusema kwamba havikutufaa. Lakini kijiji hakikujengwa hewani. Kilijengwa juu ya shamba la mtu. Mtu aliyekuwa na ekari 10 mahali palipochaguliwa aliziona zikigawiwa wenzake kwa kamba, nyumba hii ya fulani, nyumba ile ya fulani, naye akapewa kipande sawa na wengine. Na yule aliyehamishwa aliacha mahame yake nyuma, na katika mahame hayo kulikuwa na makaburi ya wazee wake.

Ilipofika miaka ya 1980, watu wengi walirudi kwenye mahame. Wengine walikuta yamelimwa na mtu mwingine, aliyegawiwa na kamati ya kijiji kwa haki kabisa. Je, ni nani mwenye shamba? Mmoja ana makaburi, mwingine ana neno la kamati na jasho la miaka. Wote wawili wana mashahidi, na wote wawili husema kweli. Twakiri kwamba hatujaona bado shauri gumu kuliko hili, na kila mara tusikiapo mtu akilitolea hukumu kwa haraka, twamwogopa.

Ugomvi huo haukuwa wa Mara peke yake. Mwaka 1991 Serikali iliunda tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, nayo ikamaliza kazi yake mwaka 1992. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta haki za kimila za wale waliodai mashamba ya kabla ya vijiji. Baba mmoja na mwanawe, wakulima wa nchi ambayo leo ni Wilaya ya Karatu, wakaipinga mahakamani, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali, na mali hulindwa na Katiba. Wakulima wawili wa jembe walifanya yale ambayo mawakili wengi hawakuyafanya.

Kutoka hapo zikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi yote bado ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Lakini sheria ya vijiji yatamka kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kupewa kwa hati ya Serikali, na kijiji chenye cheti cha ardhi yake chaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa mwanakijiji. Yatamka pia kwamba desturi yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Twamwomba msomaji ayashike maneno haya mawili, maana yalitupata sisi wenyewe, kama ifuatavyo.

Ghala la chama chetu cha msingi, lililo milimani, lilijengwa katika miaka ya 1960 juu ya kiwanja kilichotolewa na mzee mmoja. Hakuuza. Alikata sehemu ya shamba lake, likapimwa kwa hatua, watu wakashuhudia. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na mazao yakapewa mamlaka za Serikali. Ghala likabaki bila mwenyewe wa kueleweka. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha vyama, wazee wetu walirudi ghalani wakakuta paa limetoboka na katani za mpaka zimeng'olewa. Hapakuwa na karatasi hata moja. Lakini ghala lilikuwa pale, na kila mtu alijua kuwa ni la chama. Kwa hiyo hakuna aliyejishughulisha.

Katika mwaka wa pili wa chama kikuu hiki tulipata mashine ya kukoboa kahawa mbivu, tukajenga meza za kuanikia. Tulizijenga kuelekea upande wa chini, palipokuwa tambarare. Palikuwa na majani tu. Miaka 8 baadaye mama mmoja mzee, mjane wa yule yule mzee aliyetoa kiwanja, alikuja ofisini na kusema kwa upole kwamba meza zetu ziko shambani mwake, na kwamba wajukuu wa nyumba yake sasa wamekua nao wanataka kulima. Mama huyo hakuzaa mtoto wa kiume. Alioa kwa nyumba ntobhu, na wajukuu hao ni wa mwanamke aliyemwoa.

Tungependa kuandika kwamba tulimsikiliza. Hatukumsikiliza. Tulimjibu kwamba chama kilikuwako pale kabla ya watu wengi wa kijiji kuzaliwa. Katika mkutano wa bodi, mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba sheria humpa mtu miaka 12 tu ya kudai ardhi yake. Akashauri tulivute jambo hili miaka minne, liishe lenyewe. Hata kwa sheria hesabu ile ilikuwa mbovu, kwa kuwa muda husimama shauri linapofunguliwa. Lakini aibu yetu ni kwamba tuliisikiliza hesabu hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyotupasa. Wakati huo huo wapwa wa marehemu walikuja kwetu usiku na kutuambia kwamba mama yule hana kauli juu ya shamba, kwamba nyumba ntobhu si nyumba ya kweli, na kwamba wao wako tayari kutuandikia hati ya mauziano. Hapo ndipo mwenyekiti wetu alipostuka. Alisema kwamba mtu akija usiku kukuuzia shamba la mwingine, ujue kwamba hata wewe umekwisha kufanana naye.

Mama akafungua malalamiko katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa sheria baraza hilo lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Halikati hukumu, husuluhisha. Asiyeridhika huenda Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 nalo limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, kwa muda wa siku 30, kisha shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tumewaona wanachama waliouza ng'ombe wanne kwa nauli na mawakili kwa ajili ya ardhi isiyotosha kumlisha ng'ombe mmoja. Twaandika hili si kwa kuwadharau, maana sisi wenyewe tulikuwa njiani kwenda huko huko.

Baraza lilikaa chini ya mti karibu na ghala. Wapwa walipoanza tena maneno ya nyumba ntobhu, mjumbe mmoja mwanamke aliwauliza, “Ng'ombe aliowatoa mama huyu mliwala, au hamkuwala?” Hawakujibu. Kisha akaitwa mzee aliyekuwa kijana wakati kiwanja kinapimwa, ambaye yeye ndiye aliyebeba mawe. Alisema kwamba karani wa chama wa siku zile, mtu wa tahadhari, alifukia kitako cha chupa ya soda chini ya kila jiwe la pembe, kwa kuwa jiwe husogezwa usiku lakini hakuna akumbukaye kusogeza kilicho chini yake. Tukachukua jembe. Pembe ya juu tulikuta kitako cha chupa katika nusu saa. Pembe ya chini tulichimba mahali pawili bila kupata kitu, tukaanza kufurahi moyoni. Mara ya tatu kikaonekana, rangi ya kijani, hatua 9 ndani ya meza zetu.

Kabla ya kumaliza habari hiyo, hatuna budi kusema neno juu ya mipaka iliyomwaga damu, tusije tukaonekana kwamba twadhani kila mpaka huamuliwa kwa kitako cha chupa. Mahali pengi Tarime mpaka wa kijiji ni mpaka wa ukoo, na kijiji kikigombana na kijiji huwa ni ikiaro na ikiaro. Watu wameuawa, nyumba zimechomwa, na ng'ombe wamechukuliwa kwa kisingizio cha mpaka, na mpaka umesogezwa kwa kisingizio cha ng'ombe. Serikali iliigawa Tarime mwaka 2007 ikapata Wilaya ya Rorya, na mwaka 2009 ikaweka kanda maalum ya polisi kwa ajili ya wilaya hizo mbili. Polisi walisaidia. Hata hivyo askari hawezi kukaa kila mto. Pale ambapo vijiji viwili vimekwisha kukubaliana na kuweka bikoni mbele ya wazee wa pande zote, tumeona watoto wakichunga pamoja. Na pale bikoni ziliposimikwa na wapimaji bila wazee kuwapo, ziling'olewa kabla saruji haijakauka.

Na huko Nyamongo, ulikoanza mgodi mkubwa wa dhahabu mwaka 2002, mpaka umepata sura nyingine kabisa. Huko watu walijua kwamba shamba litakalochukuliwa na mgodi hulipwa fidia, kwa hiyo wengine walijenga vibanda na kupanda miti usiku usiku ili vihesabiwe. Watu wa huko huita jambo hilo tegesha. Neno hilo halimo katika kamusi yetu ya shuleni, lakini karani yeyote wa ardhi wa Tarime alijua kabla hajajua jina la mkuu wake wa kazi.

Turudi ghalani. Tulikubaliana hivi mbele ya baraza, na mapatano yakaandikwa na kutiwa sahihi. Meza zibaki mpaka mwisho wa msimu, na chama kimlipe mama kodi ya kipande hicho kwa msimu ule mmoja. Baada ya hapo meza zihamishwe upande wa juu, ambako ilitulazimu kuchimba na kusawazisha kilima kwa gharama iliyowaudhi wanachama kadha, na wengine bado wametununia. Kisha mama aliomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake pamoja na la nyumba yake, na chama nacho kikaomba ya kwake, kwa kuwa kifungu cha 22 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji chakitaja chama cha msingi cha ushirika miongoni mwa wanaoweza kuomba. Watu wa kuhakiki mipaka walikuja na kipimo chao, wakaandika majina ya majirani wa pande zote nne, na kila jirani akaweka kidole.

Hati ya mama ilitoka kwanza. Yetu ilichelewa miezi mitatu, kwa sababu sisi, makatibu wa kuandika barua za watu wote, tulikosea kuandika jina la kitongoji chetu.

Siku ya kusimika mawe mapya, yule mzee aliombwa kuonyesha mahali. Wapimaji walitaka kuvichukua vile vitako vya chupa kama ushahidi. Mzee akakataa. Vilirudishwa shimoni, kila kimoja chini ya jiwe lake, na mjukuu mkubwa wa mama yule, mwenye miaka 14, akatakiwa kuingiza mkono ndani na kuvigusa kabla udongo haujafukiwa.